Jani la Kijani kwa Mtindi wa Zapryan

Alhamisi, 1 Mei

Fomu imefika. Kurasa kumi na moja! Mimi niliishia darasa la nane, lakini nimemzaa Zapryan, aliyesomea maziwa chuoni mjini Plovdiv miaka minne. Tumegawana kazi: yeye anasoma, mimi naona fahari.

Tukipata lebo ya serikali ya jani la kijani, duka la Plovdiv litachukua mtindi wetu wa kondoo na mwanangu atabaki nyumbani. Tukikosa, tarehe thelathini anapanda basi la Ujerumani kwenda kukata nyama kiwandani. Begi liko tayari mlangoni. Kila nikipita nalipiga teke.

Mkaguzi anakuja Jumatano. Fomu inauliza tunatumia umeme kiasi gani, vyombo vikishatumika vinakwenda wapi, maji ya mtindi uliochujwa yanakwenda wapi. Maswali gani haya? Nimewaza sana. Nadhani wanataka kujua kama sisi ni watu wa kisasa. Basi wataona usasa! Zapryan simwambii. Ana mengi kichwani.

Jumamosi, 3 Mei

Zapryan yuko malishoni na kondoo mpaka Jumatatu. Vizuri sana.

Vyungu nimevificha ghalani chini ya nyasi kavu. Na blanketi la sufu tunalofunikia maziwa yakiganda. Aibu tupu, limenizidi umri. Nguruwe anayekunywa maji ya mtindi nimempeleka kwa jirani Tsonka. Friji nimeazima kantini ya shule. Wanaume wanne wameibeba, inanguruma kama trekta. Vikombe vya plastiki mia tatu, vyeupe pe!

Halafu klorini. Sakafu, ndoo, vitambaa, miiko. Hata kwenye chungu cha mbegu, ule mtindi wa zamani unaogandisha maziwa mapya, nimetia tone, kwa usalama. Tsonka amechungulia dirishani akauliza nani amefariki. Wivu.

Jumatatu, 5 Mei

Maziwa hayagandi. Nimengoja saa tano nzima. Maji. Nimeongeza mbegu. Maji. Nimeyabembeleza kwa maneno matamu. Maji!

Zapryan amerudi, amenusa mlangoni, ameketi. Akaniuliza, kwa upole unaouma kuliko kofi, mama umefanya nini? Nikamwambia nimesafisha tu, mwanangu. Akasema mbegu imekufa. Na fomu inataka mbegu ya humu humu kijijini. Ya kiwandani hawaikubali. Kisha akaenda kukagua zipu ya begi lake.

Sielewi. Usafi unauaje kitu?

Jumanne, 6 Mei, Sikukuu ya Mtakatifu Georgi

Mwanakondoo ameiva jikoni na hakuna anayekula.

Mbegu nzuri iko kwa Tsonka tu. Na leo, siku ya Georgi, hakuna mwenye akili anayetoa maziwa wala mbegu nje ya nyumba. Ukitoa, umegawa baraka ya kondoo wako mwaka mzima. Kesho nayo ni kuchelewa. Maziwa lazima yalale na mbegu usiku huu.

Nikavaa shali nzuri nikaenda. Nikamsifia mawaridi yake (yamedumaa). Tsonka akacheka mpaka akashika kiuno. Akasema, Velika we, kutoa sitoi hata ulie machozi ya damu, ila sasa naenda kutazama kuku, na kuku nawatazama polepole sana. Nikaona ananifukuza. Nikaaga, nikatoka. Nimefika kwenye lango, nasikia sauti kutoka bandani: iba basi, mwanamke!

Ala! Kumbe kuiba si kutoa! Nikarudi, nikachota vijiko viwili, nikakimbia. Nguruwe wangu alinitazama kama hanijui.

Zapryan amefukua vyungu na blanketi mwenyewe. Maziwa yamelala.

Jumatano, 7 Mei

Yameganda! Kijiko kinasimama wima!

Mkaguzi ni Bi Ralitsa, binti mwembamba kutoka Sofia. Nikamfungulia friji kwa madaha. Akauliza inakula umeme kiasi gani. Mwingi mno, nikamwambia kwa fahari. Akaandika. Vikombe vikishatumika? Tunatupa, binti yangu, sisi si maskini. Akaandika zaidi. Maji ya mtindi? Nikaapa hatuna hata tone.

Hapo Zapryan akaingia, mwekundu kama pilipili. Akasema friji ni ya shule, vikombe ni vya mama, mtindi ni huu hapa. Akamwonyesha vyungu, blanketi, akampeleka hadi kwa Tsonka kumwona nguruwe. Nguruwe! Mgeni wa serikali!

Na mbegu? Zapryan sikumfundisha uongo, kosa langu. Akasema mama aliiiba jana. Nilitamani ardhi inimeze. Bi Ralitsa akauliza, jana siku ya Georgi? Ndiyo. Akasema bibi yake naye alikuwa anaiba vivyo hivyo, angeipataje siku hiyo? Akaomba kijiko. Akala chungu kizima. Akaondoka bila kutuambia lolote.

Ijumaa, 23 Mei

Lebo imetoka! Majani ya kijani mia tano! Zapryan amefungua begi, soksi zimerudi kabatini. Nimelia, nimembusu, nimembusu na tarishi.

Barua inasema lebo ni ya mtindi wa vyungu peke yake, si ya kitu kingine chochote. Na mbegu wameandika ni ya Tsonka. Ya Tsonka! Aliyetoka jasho kuiiba ni nani? Nimewaeleza majirani wote kwamba kilichotuokoa ni ile friji. Bila friji, yule binti angejuaje kwamba sisi ni watu wazito?

Zapryan amepeleka vyungu vya kwanza Plovdiv, analala huko. Lebo zilizobaki ameziacha mezani, zimekaa bure. Nimezibandika kwenye mitungi ya kabichi ya siki, ya pilipili, na kwenye chupa za pombe ya plamu za shemeji yangu. Zimependeza! Jumapili nazipeleka sokoni, mwanangu akirudi akute habari njema.

Zimebaki arobaini. Kuku wametaga vizuri leo. Na yai, ukilipangusa likakauka, linashika gundi barabara.