Kosa la Kimeng'enya, Siyo Langu

Ndugu Mkurugenzi wa Maabara,

Pokea salamu zangu za unyenyekevu. Barua yako ya kunitaka nieleze kwa nini nisifukuzwe imenifikia. Ni kweli friza ya Daktari ilichomolewa ili birika la chai lipate soketi. Sikatai kwamba mkono ulikuwa wangu. Lakini mkono ni tarishi tu, mheshimiwa.

1. Ndani ya friza kilikuwamo kimeng'enya ambacho Daktari amekitafiti miaka minne. Alinieleza mwenyewe, masikini, kwa subira, kwamba hata mwilini mwangu kimo: kinakata mafuta fulani na kutengeneza mengine ya kumtuliza mtu, yanayofanya kazi kama bangi, ila hayavutwi. Kumbe miaka kumi na tisa mtunza stoo wenu nakuja kazini nimelewa, na hakuna aliyenionea huruma!

2. Friza ilipoanza kulia, nilisikia. Mwenye akili timamu angekimbia. Mimi nilisema haraka haraka haina baraka, nikaongeza sukari. Utulivu ule si wangu. Mke wangu ni shahidi: nikikosa soksi moja, nyumba nzima haikaliki.

3. Aliyeharibu ni kimeng'enya, na kilichoharibika ni kimeng'enya. Haya basi ni mambo ya ukoo wao, sisi wengine tusiyaingilie.

4. Naomba barua ya onyo iandikwe kwa jina lake. Nitaipokea kwa niaba yake, kwa kuwa kinaishi kwangu. Na nipandishwe cheo, maana mimi ni maabara inayotembea.

Nisalimie wahasibu, walinzi wa getini, na mama wa mapokezi ambaye hanisemeshi tangu Jumanne.

Wako mtiifu, kadiri mafuta yangu yanavyoruhusu,
Mtunza Stoo

Nyongeza: Nikiwa njiani kuileta barua hii nimemkuta Daktari amekaa sakafuni, anakagua vichupa kimoja kimoja, huenda kipo kilichosalimika. Kaniamkia shikamoo kama siku zote, akauliza mguu wa mke wangu unaendeleaje. Nimekingoja kimeng'enya kinitulize. Utulivu haukuja hata chembe. Mtu mzima na mvi zangu, nimelia. Ndugu Mkurugenzi, hayo ya juu yachane. Nilichomoa mimi. Karatasi ya USICHOMOE niliiona, nikaisogeza pembeni isilowe. Sasa nipo naye hapa chini, namshikia vichupa; barua ya kunifukuza nileteeni huku.