Ekskaveta Iliyomeza Fundi

Redio hakutoa hata salamu. Aliiangusha baiskeli yake kando ya benchi letu, hapa ng'ambo ya geti la mgodi, akapaza sauti:

"Mmekaa tu mnapuliza vikombe! Ekskaveta mpya imemeza mtu!"

Redio anauza magazeti, ingawa habari zake nyingi hazimo gazetini. Hata hivyo vikombe vilishuka. Tulikuwepo mimi, mshona viatu. Profesa, kinyozi ambaye hajawahi kuulizwa swali akakosa jibu. Na Shemeji, muuza kahawa, tunayemwita hivyo wote kwa kuwa dada yake ameolewa na Spana. Na Spana mwenyewe alikuwepo, fundi wa mitambo mizito, katoka zamu ya usiku na grisi mpaka kwenye kope.

"Imemeza vipi?" Spana aliruka. "Usiku kucha kundi zima tulikuwa chini yake tunabadilisha mipira ya kupitishia mafuta ya haidroliki. Tumeiacha haina hata chembe ya kasoro!"

"Basi sikia. Wageni wamekuja kuizindua. Utepe umefungwa, meneja kapanda mwenyewe kuiwasha. Kimya! Hata kukohoa haikukohoa. Kwenda kuangalia, swichi kuu imefungwa kwa kufuli la fundi."

"Lo!" Spana alishika kichwa. "Basi yumo ndani."

"Kwa sababu ya kufuli tu?" nikauliza.

"Wewe ukisikia kufuli unawaza mlango wa choo. Ngoja nikufundishe." Akasimama. Spana akianza kufundisha lazima asimame. "Fundi kabla hajaingia chini ya mtambo, anafunga swichi kwa kufuli lake, lenye picha yake, asije mjinga akauwasha akamsaga. Ufunguo anakaa nao mwenyewe. Akimaliza, analifungua, analirudisha kiunoni. Likikutwa pale, maana yake mtu yumo. Halikatwi! Awe meneja, awe baba mzazi wa meneja, ni kumtafuta mpaka apatikane."

"Ndicho wanachofanya," Redio akadakia. "Wamemulika kwenye injini, wamemulika kwenye ndoo ya kuchimbia, wamemwita mpaka sauti zimekauka. Mlinzi anaapa hakumwona akitoka. Simu yake haipatikani."

"Nani huyo, jamani?" Shemeji alishika kifua.

"Jina limehifadhiwa mpaka ndugu wajulishwe."

Profesa alikohoa. Tukajua tumekwisha. "Kisayansi, amevutwa. Injini ile inavuta hewa kama ng'ombe kumi wanaokunywa maji. Mtu mwembamba akikatiza mbele yake, habari yake imeishia hapo."

"Mwembamba kiasi gani?" Spana aliuliza, akijitazama mikono.

"Kama wewe hivi."

"Acha mambo yako." Akaketi, sauti imelegea. "Kama yumo, Mungu amlaze pema. Wenzangu wale ni watu wa maana. Lakini kama hayumo! Kama yuko mahali anakula raha na kufuli kaliacha, mgodi umesimama, watu wanalia... huyo niachieni mimi. Jumatatu haiko mbali."

Habari za Jumatatu tulikuwa nazo hadi masikioni. Siku hiyo Spana alitarajia kutangazwa msimamizi wa karakana, cheo alichokisubiri tangu mwanawe wa kwanza anatambaa, na sasa mtoto anaota ndevu.

"Utamfanya nini?" nikamchokoza.

"Adhabu ipo, na niliipendekeza mimi kikaoni! Anasimama getini wiki nzima, kufuli shingoni, anamwamkia kila anayeingia. Kuna waliosema nina roho mbaya. Nikawaambia mzaha mzaha hutumbuka usaha, andikeni. Wakaandika."

"Kabla ya maziko," Redio alisema, "naomba sukari."

Boksi la sukari Shemeji alilitia kufuli dogo kwa ajili ya Redio huyohuyo, anayekunywa sukari yenye kahawa. Sasa ufunguo wenyewe ulikuwa umepotea.

"Leta hapa," Spana alisema. "Mimi nafungua tumbo la ekskaveta, sukari itanishinda?"

Alichomoa shada la funguo mfukoni. Akajaribu wa kwanza, ukakataa. Akajaribu mwingine, wapi.

"Jaribu huo mwekundu," Profesa alishauri.

"Huu? Thubutu! Huu ni wa kufuli langu la kazini. Huu na kufuli lake ni mume na mke, hawalali mbalimb..."

Mkono ukaenda kiunoni, upande wa kulia. Ukaenda wa kushoto. Ukarudi kulia, kana kwamba kufuli lingemwonea huruma litokee.

"Shemeji," muuza kahawa alimwita Spana taratibu, "kufuli lako liko wapi?"

"Nilitoka na lori la maji," Spana alinong'ona. "Nilijilaza kitini. Mlinzi asingeniona."

"Na simu?"

"Iko kwangu kwenye chaji," Profesa alijibu. "Niliizima ili ijae haraka. Kisayansi..."

Redio alivua kofia. "Poleni sana wafiwa."

Profesa alikimbilia kibandani kwake, akarudi na simu. Kuiwasha tu, ikalia. Spana alinisukumia mimi, nikaipokea na kuifungulia sauti, wote tusikie.

"Nani anashika simu ya marehemu?" Ilikuwa sauti ya mkuu wa karakana, bosi wa Spana, imejaa kamasi.

Spana aliinamia simu. "Ni... ni marehemu, bosi."

Upande wa pili walilipuka. "Yuko hai! Spana yuko hai!" Watu walipiga mbinja, mtu akagonga bomba kwa nyundo. Nilijikuta nafuta machozi, na sioni aibu kusema: nampenda mjinga yule. Kisha bosi akarudi kwenye simu.

"Spana, nimelia mbele ya wageni."

"Nisamehe, bosi."

"Tena katika kukulilia nimekutangaza msimamizi wa karakana, ili watoto wako wapate la kujivunia. Sasa nitayarudishaje maneno? Cheo ni chako. Na adhabu ni yako. Njoo ulifungue kwa mkono wako mwenyewe."

Spana alidandia nyuma ya baiskeli ya Redio, hajui acheke au alie. Profesa alimpa mkono, akampongeza kwa kuwa msimamizi wa kwanza kuwaamkia wafanyakazi wake wote.

"Shemeji!" muuza kahawa alimpigia kelele. "Kufuli likishakaa shingoni, ufunguo niletee mimi."

"Wa nini?"

"Si umesema ufunguo anakaa nao mwenyewe? Mwenyewe wako ni dada yangu."