Mwizi wa Dizeli ya Pikapu Yetu

Nyie vijana wa kundi hili la ukoo, mlioko vyuoni na mlioko makazini mnakojifanya mnafanya kazi, kaeni vizuri msome. Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja na miwani imepasuka upande, kwa hiyo mtu asinisahihishe. Darasa la nne langu linatosha.

Leo nimeaibika mbele ya mkwe. Na huyo mkwe ndiye niliyeamka asubuhi kwenda kumwaibisha.

Pikapu yetu nyeupe mnaijua, ile niliyouzia ng'ombe nikainunua kwa mtu, ikiwa tayari imezeeka kuliko baadhi yenu. Anayeiendesha ni Baba Glori, mume wa binti yangu Anna. Anabeba mbaazi na mahindi ya watu kutoka Bonga kuleta mjini, na hapo ndipo wanapokula yeye na mke wake na watoto. Hana kazi nyingine. Kwetu mkwe hataji jina la mama mkwe, hakai naye kiti kimoja, na wakikutana njiani kila mmoja anatazama kichaka chake. Ndiyo heshima. Msianze kucheka, hata hatujafika.

Sasa, miezi mitatu hii pikapu imeanza kunywa. Kunywa kama mjomba wenu mmoja ninayemfahamu (anasoma hapa, amenyamaza). Dizeli iliyokuwa inatupeleka Bonga na kurudi siku nne ikawa inaisha siku ya pili mchana. Kwenye kilima inakohoa. Moshi wake mweusi kama wa tanuri la matofali.

Nikaita fundi. Kijana mmoja wa Maisaka, watu wanamwita Injinia, viatu vyeupe visivyo na hata tone la oili. (Hapo ningepaswa kujua.) Akaizunguka pikapu mara moja, akakohoa kidogo.

"Bibi, hili gari linataka kuboreshwa."

"Linataka kuacha kunywa."

"Ndiyo kuboreshwa kwenyewe, bibi."

Akafunga sumaku kwenye mpira wa mafuta, eti dizeli ikipita hapo inakuwa nyepesi. Pikapu ikaendelea kunywa. Akatoa tairi zetu nyembamba akaweka pana, za kutembelea harusini. Ikazidi. Akaweka ekzosi mpya, bomba refu limesimama nyuma ya kabini kama la trekta, akasema sasa itakuwa na nguvu. Nguvu sikuziona, niliziona kelele. Kuku wa jirani waliacha kutaga. Mwisho akabandika bawa jekundu juu ya kabini.

"Hili la nini?"

"La kukata upepo, bibi."

"Upepo gani? Si unatupita!"

Hapo nikafikiri kwa akili yangu ya kizamani. Gari limewekewa kila kitu cha kupunguza mafuta, na mafuta yanaisha. Basi anayeyanywa siyo gari. Kuna mtu anayateremsha njiani anauza. Na anayeshika usukani ni mmoja tu.

Mkwe hasemwi usoni. Jana nikamwita Anna jikoni.

"Mwambie mumeo kesho nakwenda naye kuchukua huo mzigo wa Bonga. Nitakaa nyuma, juu ya tangi, na macho yangu. Mafuta yakitosha kwa sababu nimeyalinda, basi siku zote alikuwa anayauza. Ufunguo utarudi kwangu kesho hiyohiyo."

Anna akaacha kukoroga mboga. "Na yakipungua vilevile, mama?"

"Hayatapungua."

"Mama, Baba Glori siyo mwizi."

"Nimesema ni mwizi? Nimesema nakwenda Bonga."

Alilia kidogo. Nikamwambia mboga inaungua. (Ndiyo, nilisema hivyo. Mimi ni mtu wa namna hiyo.)

Leo asubuhi nikavaa blauzi yangu nyeupe na kitambaa cheupe cha kichwani, maana mtu anayekwenda kutoa hukumu avae vizuri. Kabla ya kutoka nikafunika redio kwa kitambaa chake, na televisheni kwa chake, na jagi, na ndoo ya maziwa. Mnanijua. Kwangu hakuna kitu kinachokaa bila kuvishwa. Vumbi la huku kwetu Bagara halina adabu.

Tukapita sheli, nikasimamia tangi likajaa hadi juu. Nikapanda nyuma na fimbo yangu, nikaketi juu ya magunia matupu, mgongo kwenye kabini. Anna mbele na mumewe. Kugonga paa mara moja ni twende. Mara mbili ni simama. Maneno mengine yote yanapita kwenye kidirisha cha nyuma, kwa Anna.

"Mwambie dereva asikimbie."

"Mama anasema usikimbie."

"Mwambie mama sikimbii, hili gari halina uwezo huo."

"Mama, anasema..."

"Nimesikia!"

Njia nzima nilimwangalia. Hakusimama. Hakupungia mtu. Bonga akapakia magunia ya mbaazi pamoja na wenye mzigo, jasho linamtoka, na hata kichakani hakwenda. Nikawaza, huyu ni mjanja kweli, amejua nipo.

Tukaanza kurudi.

"Anna! Mshale wa mafuta uko wapi?"

Nikagonga kidirisha.

"Anna!"

"Umeshuka, mama. Nusu haipo tena."

Nikainama ukingoni nikatazama chini ya gari. Hakuna panapovuja. Hakuna dumu. Hakuna aliyeteremsha hata kijiko. (Hapo mtu mwenye busara angeanza kujiuliza. Mimi nikawaza labda anauza kwa simu. Siku hizi kila kitu kinauzwa kwa simu.)

Kisha tukafika kwenye kilima.

Pikapu ikaanza kukohoa. Lile bomba la Injinia liko hapa, kichwa changu kiko hapa. Moshi ukanimwagikia wote. Nikafumba macho nikashika fimbo. Nikasikia kwato. Nikafumbua jicho moja. Mkokoteni wa punda unatupita! Punda wawili, magunia yamejaa, na mwenye punda ameketi juu anakula muwa.

"Shikamoo, bibi!"

"Marahaba."

Nilipomaliza kuitikia nilikuwa naongea na mgongo wake.

Pikapu ikanguruma mara ya mwisho ikazima. Baba Glori akaiachia taratibu irudi nyuma, kinyumenyume, mimi juu kama askofu aliyepotea njia. Kina mama wanaouza nyanya kando ya barabara walikuwa wameniona nikipanda. Sasa wakaniona nikishuka.

"Bibi mmesahau kitu?" mmoja akauliza.

Mwenye punda naye aliacha mkokoteni wake juu akashuka kuja kusaidia, na muwa wake mkononi. Watu wa Bonga wana upendo, hasa kukiwa na kitu cha kutazama.

Chini ya kilima kuna kibanda cha mabati cha fundi. Akatoka binti mwenye ovaroli, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi. Naitwa Upendo."

"Namtaka fundi mwenyewe."

"Bibi, hapa tuko mimi na hizi spana."

Akaitazama sumaku. Akaitazama ekzosi. Akalitazama bawa jekundu, akageuka pembeni akapenga kamasi (alikuwa anacheka, namjua mtu anayecheka). Akamwuliza Baba Glori, "Imeanza lini?"

"Masika yalipoisha. Vumbi lilipoanza."

"Ea klina imefunguliwa lini?"

Ea klina ni lile boksi la duara ndani ya boneti, lenye kichujio cha hewa. Baba Glori akasema tangu fundi wetu wa kwanza, yule wa kabla ya Injinia, aweke kichujio kipya, hakuna aliyeigusa. Yeye nilishamkataza kufungua boneti. Na Injinia je? Injinia alikuwa na kazi ya kuongeza, siyo ya kutazama.

"Hii ndiyo pua ya injini, bibi," Upendo akaniambia huku akifungua vibanio. "Dizeli bila hewa haiungui vizuri. Inatoka moshi, gari linakosa nguvu, dereva anaongeza mafuta, moshi unaongezeka."

Pua.

Vijana, nilikumbuka. Siku ile fundi wa kwanza alipomaliza kuweka kichujio kipya, akaenda kunawa na kula. Nikachungulia. Nikaona kile kichujio kizuri, kipya, mikunjo yake kama sketi ya shule. Nikauliza mwenyewe moyoni: hiki ndicho kitavuta vumbi lote la Bonga, kiko uchi hivi? Nikaingia ndani, nikatwaa kitambaa kinene, nikakata, nikashona mpira pembeni, nikakivisha kama ninavyovisha kibuyu. Nikabana vibanio. Sikumwambia mtu. Mwanamke msafi hatangazi.

Upendo akaingiza mkono. Akavuta. Kikaja kidogo. Akavuta tena. Kikaja kirefu, cheusi, kina lesi chini.

"Heee!" akasema. "Gari lenu limevaa gagulo!"

Kina mama wa nyanya waliacha nyanya. Mwenye punda akatema muwa. Upendo akaligeuza upande usio na uchafu, akaona nilipodarizi jina langu kwa uzi mwekundu, maana tukienda semina ya akina mama kanisani nguo huwa zinachanganyika kwenye kamba. Na huyu binti, Mungu ambariki, alisoma vizuri shuleni. Akasoma kwa sauti:

"Mar-ta. Marta. Marta ni nani?"

Jina langu limetajwa mbele ya mkwe, likiwa limeandikwa kwenye gagulo langu, na gagulo liko hewani kama bendera! Nimevuliwa nguo hadharani, na nguo yenyewe sikuwa nimeivaa.

Baba Glori alikuwa ameshageuka zamani, anatazama mtaro. Akasema, bado anautazama:

"Fundi, ni kosa langu. Nililiokota kwenye matambara nikaliweka mimi. Nilitaka kuzuia vumbi."

Watu wakaanza kumcheka yeye. "Dereva gani wewe! Miezi mitatu unalinyima gari pumzi!" Mwenye punda akamwambia aje ajifunze kuendesha kwa punda, punda hawana ea klina. Naye amesimama tu, anakubali.

Huyo ndiye niliyetoka nyumbani kumnyang'anya ufunguo.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambia ukweli, nilinyamaza kidogo. Nilihesabu mpaka tano. Kisha nikamwambia Anna, "Mwambie mumeo..." Nikaona hapana. Neno hili halipiti kwenye kidirisha.

Nikagonga boneti mara mbili na fimbo. Watu wakanigeukia.

"Baba Glori, acha uongo. Marta ni mimi. Gagulo ni langu, na aliyelivisha gari ni mimi. Na zaidi ya hapo, nilidhani unauza mafuta. Nimekuja kukulinda kama mwizi. Nisamehe, baba."

Bado akitazama mtaro, akasema, "Mama, yamekwisha."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia. Hakuwa analia. Anna naye ameshika mlango asianguke. Basi kikacheka kijiji kizima, na mimi na uso wangu mweusi kwa masizi, meno tu ndiyo yanaonekana, maana nami nilicheka. Kidogo.

Upendo akakipuliza kichujio kwa upepo wa kompresa, akakirudisha uchi. Akajaza tairi upepo, zilikuwa zimelegea. Akasema tairi nyembamba zirudi, hizi pana zinakokota bure. Sumaku akanipa mkononi, inafaa kuokotea sindano. Pikapu ikawashwa. Moshi mweusi ukatoka mara moja, wa kuaga, kisha ukawa mwepesi hata sikuuona.

"Nilitupe hili gagulo, bibi?"

"Lete hapa." Nikalikalia njia nzima.

Kilima tulikipanda na mzigo wetu wote kama hatuna mzigo. Kila mara Anna anapiga kelele kidirishani, "Mama, mshale uko palepale! Mama, bado uko palepale!" Huko juu tukamkuta mwenye punda amerudi kwenye mkokoteni wake. Tukampita.

"Shikamoo tena, bibi!"

"Marahabaaa!" Safari hii yeye ndiye aliyeongea na mgongo wangu. Nilitaka kugonga paa, dereva apunguze mwendo. Nikaiweka fimbo chini.

Tulipofika nyumbani nikaingia chumbani, nikatoa ufunguo wa akiba, ule ninaoufunga kwenye pindo la khanga, nikampa Baba Glori mkononi mwake mwenyewe, mbele ya watoto. Aliupokea kwa mikono miwili. Kesho ana mzigo mwingine wa Bonga, na mafuta ya leo bado yapo.

Anayecheka acheke taratibu, nina majina yenu. Nami nimewakusanya wote hapa uani, Anna, mumewe na wajukuu, nikawaamuru: kuanzia leo, katika nyumba hii kinachovishwa nguo ni mtu. Vitu vingine vyote vikae uchi.