Madigadi Mbele na Nyuma

Jumatatu, 14 Aprili 1969

Hatimaye! Mkaguzi wetu wa pareto amestaafu. Mgongo, anasema. Mzee Ondieki, mwenyekiti wa chama cha ushirika, ametangaza kwamba nafasi itajazwa wiki ijayo. Wanaofikiriwa ni wawili tu. Mimi, Manasseh Angwenyi, karani wa mizani hapa Sironga kwa miaka sita. Na Ombui. Ombui! Nilimfundisha mwenyewe kusoma mizani. Siku ya kwanza alipima gunia huku amelikanyaga.

Nafasi hii lazima niipate. Si kwa ajili ya cheo, ingawa cheo hakijawahi kuniudhi. Ni pua. Pareto na pua yangu hazipatani. Miaka sita nimeinamia magunia ya maua makavu nikipiga chafya mpaka wakulima wananiombea. Macho mekundu, watu wa kanisani wanadhani nakunywa. Mkaguzi huyaangalia maua dakika tano, anatia sahihi, anapanda baiskeli na kwenda zake kwenye hewa safi. Nataka hewa safi. Basi.

Jumanne, 15 Aprili

Leo nimemtazama Ombui akipanda baiskeli. Aibu tupu. Kaptula yenye viraka, miguu mitupu, shati amelifunga kiunoni. Baiskeli haina madigadi, haina taa, haina kengele. Nilimuuliza kengele iko wapi. Akasema ana mdomo. Nikamuuliza atafanyaje matope yakimrukia mgongoni. Akasema ngozi huoshwa ikakauka papo hapo, koti ndilo lenye tabu. Halafu akaniita mzee. Nina miaka thelathini na minne!

Mimi ni mtu wa msimamo, na msimamo wangu una picha. Mzungu mmoja wa Nyansiongo alipofunga virago kurudi kwao, niliuziwa koti lake la sufu. Mfukoni nikakuta ukurasa wa katalogi. Bwana mmoja yuko juu ya baiskeli: koti, tai, kofia, vibanio vya suruali kwenye vifundo vya miguu, madigadi yanayong'aa. Mbwa anamfuata kwa heshima. Tangu siku hiyo nimejua baiskeli hupandwaje. Kemuma, mke wangu, anasema barabara ya kwenye picha ni ya lami. Ana jicho la kuona yasiyohusika.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimempelekea Mzee Ondieki jogoo. Si hongo. Jogoo alikuwa akinisumbua.

Nilimwambia, omogaka, yaani mzee wangu, mkaguzi ndiye uso wa chama. Wakulima wakimwona na kaptula juu ya chuma kitupu, watasema chama kimefilisika. Akakuna kidevu. Akakubali! Alhamisi ijayo lori la chama litatupeleka Nyansiongo sisi wawili na baiskeli zetu. Kila mmoja atapewa barua. Atakayefika nayo Nyamira kwanza, nguo safi na baiskeli ikiwa na madigadi mbele na nyuma, ndiye mkaguzi. Asiyetimiza hapokelewi hata akifika jana.

Sharti la madigadi ni langu, na la nguo pia. Nilisimama nyuma ya karani wa chama yakiandikwa, nikahakikisha hajaacha kitu. Ombui hana madigadi. Hana nguo safi. Karibu nimhurumie.

Ijumaa, 18 Aprili

Si vizuri kubahatisha. Nimekwenda Nyamira nikanunua madigadi yote yaliyokuwa dukani. Jozi mbili. Moja nitaifunga kwenye baiskeli, nyingine iko chini ya kitanda na haitoki. Mwenye duka aliniuliza kama nina baiskeli mbili. Nikamwambia nina akili mbili. Nimefika nyumbani kabla jua halijazama, Sabato isinikute njiani na vyuma begani.

Jumamosi, 19 Aprili

Sabato. Sikuigusa baiskeli. Niliiangalia tu kupitia dirishani. Mhubiri alifundisha juu ya kiburi na anguko. Somo zuri sana, nasikitika Ombui ni Mkatoliki hakulisikia.

Jumapili, 20 Aprili

Fundi Nyamongo amefunga madigadi mapya. Kazi safi! Kati ya tairi na madigadi hakipiti hata kidole. Nyamongo hakufurahi. Alisema yale ya zamani yalikaa juu kidogo, matope yakapata pa kupitia, na udongo wetu mwekundu ukishalowa hushika kama ugali wa wimbi. Akataka ayainue. Nikakataa, yatapoteza umbo. Akataka basi nichukue spana na kijiti cha kukwangulia. Nikamwonyesha picha. Bwana wa kwenye katalogi hana spana wala kijiti. Nyamongo akaitazama kwa muda, akasema mbwa ni mnono.

Mvua haitanipata. Hapa kwetu hunyesha saa nane mchana, kila mtu anajua. Saa nne asubuhi nitakuwa Nyamira nikinywa chai ya wanakamati.

Jumanne, 22 Aprili

Usaliti! Ombui ana madigadi. Tena nayajua. Ni yangu ya zamani, niliyoyatupa nyuma ya jiko!

Nilimuuliza Kemuma. Hata hakuona haya. Alisema Ombui alikuja mlangoni kama mtu, akamwamkia, akamwita mama Persis, kwa jina la binti yetu, akaomba. Kemuma alikuwa akiyatumia kuwapa kuku maji, na kuku hawakulalamika. Nikamwambia ameuza hewa safi ya mume wake. Akajibu hakuuza, alitoa bure. Nilinuna mpaka ugali ulipoiva.

Ila Ombui hana akili ya kuyafunga. Leo nimemwona ameyabeba kwenye keria, yamefungwa kwa kamba pamoja na bonge la majani makavu ya mgomba. Eti ni mzigo!

Alhamisi, 24 Aprili

Sitaki kuandika. Naandika.

Ilinyesha alfajiri. Alfajiri! Saa mbili tukashushwa Nyansiongo, tukapewa barua, barabara ikiwa nyekundu na laini. Mimi: koti, tai, kofia, vibanio, viatu vimepigwa rangi. Ombui: kaptula, kifua wazi, madigadi bado kwenye keria. Nilimkumbusha sharti kwa sauti ili dereva wa lori awe shahidi. Ombui akasema sharti ni la kufika.

Maili ya kwanza nilikuwa mbele. Niliandike tena hilo: nilikuwa mbele. Maili ya pili baiskeli ikawa nzito. Maili ya tatu gurudumu la mbele likakataa kabisa kuzunguka. Udongo ulikuwa umejaa ndani ya madigadi, umeshindiliwa mpaka juu. Nikachokoa kwa kidole. Nikachokoa kwa kalamu, ikavunjika. Nikachokoa kwa kibanio cha suruali, kikabaki humo. Suruali ikaingia kwenye cheni. Koti la sufu likanyonya maji ya barabara nzima.

Ombui akanifikia. Magurudumu yake yalikuwa yakitupa matope kila upande, mgongoni kwake hapakuonekana ngozi, naye anapiga mluzi. Akasimama! Alikuwa na haraka kama mimi, lakini akasimama, akanipa spana. Alisema tuyafungue yangu, niyabebe, nitayarudisha nikifika kijitoni kabla ya Nyamira, yeye atanisaidia. Nilimwambia sharti ni sharti, na mimi ndiye niliyelitunga. Akasema sawa mzee, akaenda.

Nilikaa kando ya barabara nikalia kidogo. Nasema hapa kwa kuwa daftari hili halisomwi. Miaka sita ya chafya, na nafasi yangu inanipita na kaptula. Kisha nikaibeba baiskeli begani, nikatembea.

Nilifika saa nane, kiatu kimoja. Ombui alikuwa amekwisha kunywa chai, yangu na yake. Shati jeupe, suruali ndefu yenye mkunjo, baiskeli safi na madigadi mbele na nyuma! Alioga kijitoni, akafungua bonge la majani ya mgomba, nguo zikatoka kavu na zimenyooka. Ndizo zilizokuwa humo. Wanakamati walimuuliza kama aliruka. Mimi, Mzee Ondieki aliniuliza kati yangu na baiskeli nani alikuwa amempanda mwenzake. Halafu karani akasoma masharti polepole, neno kwa neno, kama nilivyomwandikisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkaguzi mpya amekuja Sironga leo. Aliyaangalia maua dakika tano, akatia sahihi. Nilipiga chafya mara tisa mbele yake, kwa makusudi mara mbili tu.

Hakuondoka. Alisema alimfuata Mzee Ondieki Ijumaa kwa ajili yangu. Chama kinataka tarishi wa kupeleka barua kati ya vituo, Nyamira mpaka Nyansiongo. Juu ya baiskeli kutwa, hewa safi, gunia la pareto sitaliona tena. Wamekubali niwe mimi, nianze kesho. Nyamongo yuko tayari kunifungulia madigadi bure, na Kemuma ameshanitafutia kaptula. Wote walijua! Ni mimi tu niliyekuwa nasubiriwa kusema ndiyo.

Kidogo nimkumbatie. Macho yalinitoka machozi, na si ya pareto. Nikauliza kama tarishi anaweza kuvaa koti na kubaki na madigadi. Ombui akasema kwa barabara ile haiwezekani, barua zitaoza njiani.

Nimekataa. Kwa heshima, nimekataa. Mtu ana msimamo au hana. Kazi wamempa Thadeus, anayepanda baiskeli isiyo na hata tandiko, ameweka gunia. Kemuma amekunja kaptula, ameiweka juu ya meza mbele yangu, akaenda kukamua.

Wacha. Nimekaa na ile picha saa nzima na kosa nimeliona. Si madigadi. Bwana wa kwenye katalogi amevaa glavu! Ngozi nyeusi, vifungo viwili. Mimi nilikwenda Nyansiongo mikono mitupu kama mkulima, ndiyo sababu. Nimekwisha andika barua ya kuziagiza Nairobi.

Ningeipeleka posta leo hii, lakini gurudumu la mbele bado halizunguki. Atanipelekea Thadeus.