Kilo za Kompyuta

Jumatatu, 4 Novemba 1996

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Kamati ya chama chetu cha kahawa imekubali kununua kompyuta ya kubeba, ile wanaita laptop, na aliyetumwa Nyeri kuileta ni mimi, Gichovi, msaidizi wa katibu. Katibu mwenyewe anaumwa mgongo. Hezekiah Kingori, karani wa mizani, hakuulizwa hata kidogo. Niliona uso wake.

Ketan wa duka la taipureta na redio hakunipa moja. Alinipa mbili tuzijaribu, halafu wanachama wachague kwenye mkutano wa Jumamosi. Moja ni nene, nyeusi, ungedhani ni betri ya lori. Nyingine ni nyembamba, unaitia kwapani na kuisahau. Nyembamba ndiyo ghali. Ketan alisema siku hizi ni hivyo, watu wanalipia wepesi.

Mimi nimeshaamua. Nyembamba. Sababu yangu naweza kuisema hapa kwa kuwa hakuna anayesoma. Nene itakaa mezani ofisini, na ufunguo wa ofisi anao Hezekiah. Nyembamba lazima iwe na mbebaji. Mbebaji atatumwa semina. Mbebaji ataitwa Ofisa wa Kompyuta.

Nilipita nayo sokoni begani, pole pole, mara mbili. Mtu mmoja aliniuliza kama nauza bima. Mama mwingine alinyoosha mkono nimpime presha. Hezekiah akauliza mbona natembea nikiinama upande na kitu chenyewe ni chepesi hivyo. Mdomo wa huyo mtu!

Jumanne, 5 Novemba

Kamati imekaa. Aibu, lakini ndogo.

Mzee Theuri, mwenyekiti wetu, aliinua Nene kwa mkono mmoja na Nyembamba kwa mwingine. Akauliza bei. Nilipomwambia alizirudisha zote mezani, akavua kofia. Alisema tangu apande mche wake wa kwanza wa kahawa hajaona mtu akilipwa zaidi kwa kuleta kidogo. Hapa kwetu kitu ni kilo. Kahawa ni kilo, majani chai ni kilo, hata nguruwe ni kilo.

Nilieleza kwamba wepesi ndio mali yenyewe. Nikachanganya na Kiingereza kidogo hapo katikati. Walinitazama vile mtu hutazamwa akiuza ndama anayekohoa.

Hezekiah akaingilia kwa ile sauti yake ya kanisani. Ati wanachama wako na haki ya kujua wananunua kilo ngapi. Ati zipimwe Alhamisi kwenye mizani ya fakitori, mbele ya watu walio kwenye laini. Wote wakasema sawa. Hata mimi nilisema sawa, sijui kwa nini.

Watiri, mke wangu, anasema niwaache wachukue ile wanayotaka kwani kompyuta si yangu. Mwanamke mzuri. Haoni mbali.

Jumatano, 6 Novemba

Leo niliamka na akili mpya. Kama Nyembamba haiwezi kushinda kwa kilo, ishinde kwa urembo. Binamu yangu Moffat aliniletea kutoka Nairobi Windows mpya, ile ya tisini na tano, aliyoinakili kwenye disketi kumi na tatu. Ukiiwasha unaona mawingu. Mzee Theuri akiona mawingu ndani ya kompyuta, nilijiambia, kilo atazisahau.

Nyembamba haina hata mdomo wa disketi. Mdomo wake uko kando, unaunganishwa kwa waya. Nikaunganisha. Disketi ya kwanza ikaingia, ya pili, ya tatu. Raha tupu. Nilikuwa nikiimba. Ya tisa ikakwama. Nikaitoa, nikaipangusa kwa shati, nikaipulizia. Ikakataa. Nikazima mashine, nikaiwasha. Haikurudi kwa Windows ya zamani wala haikufika kwa mpya. Herufi nyeupe tu, kisha hata hizo zikapotea.

Jasho. Mali si yangu, si ya chama, bado ni ya Ketan.

Nilienda Nyeri mbio. Ketan aliniuliza nani aliniruhusu kuifungua. Nikasema ilijifungua yenyewe. Hakucheka. Aliketi akaiweka Windows hiyo upya kwa disketi zake mwenyewe, akaniambia nimeitwika mzigo usio wa umri wake, kumbukumbu yake ni ndogo, sasa itakuwa nzito. Moyo wangu uliruka. Nikauliza nzito kwa kilo ngapi. Aliinua kichwa akasema nzito ya kwenda pole pole. Mama yake, Sushila, alikuwa amesikia yote kutoka nyuma ya kaunta. Akaniletea chai na kaimati, na hilo ndilo liliniumiza zaidi. Nilikula kaimati zote.

Kweli inakwenda pole pole. Ukiiwasha unaweza kukama ng'ombe na kurudi. Lakini lile neno nzito limekataa kutoka kichwani mwangu.

Alhamisi, 7 Novemba

Sitaki kuandika. Nitaandika.

Mizani ya fakitori ni ile ya kuning'iniza, ina uso wa saa na ndoano chini. Kompyuta haina pa kushikwa na ndoano, kwa hivyo lazima ipimwe na mkoba wake. Niliwaza hilo usiku. Asubuhi nilichukua jiwe letu la kunolea panga, nikalifunga kwa fulana yangu ya buluu, nikalitia kwenye mfuko wa nyuma wa mkoba wa Nyembamba.

Nene na mkoba wake, kilo nne na nusu. Nyembamba, kilo tano.

Laini yote ya kahawa ilishangaa. Mzee Theuri alikaribia akaisoma mwenyewe, akauliza imenenepaje tangu Jumanne. Nikasema ni ile Windows mpya, ni disketi kumi na tatu nzima zimeingia humo. Akatikisa kichwa kwa heshima. Hezekiah akatangaza kilo tano kwa sauti, kwa sababu yeye husema kile mizani inasema. Nilijiona mrefu. Nikaenda nyuma ya stoo, nikatoa jiwe, nikalificha ndani ya koti, ili mtu asije akalipata.

Hapo ndipo nilipokosea. Hapana. Nilikosea mapema. Hapo ndipo ilipojulikana.

Cucu Kajuju, yule bibi mzee aliyeolewa huku kutoka Meru, alifika na kahawa yake amechelewa. Akaambiwa habari. Akasema kitu chembamba hivyo hakiwezi kuwa kilo tano, yeye kila siku anakatwa kilo ya gunia tupu na hakuna anayemuonea huruma, ipimwe tena aone. Hezekiah, kwa kuwa hana la kuficha, akaitundika.

Kilo mbili na nusu.

Nikasema haraka kwamba stima ya betri imeisha, na stima ikiisha kilo hupungua. Kijana mmoja alicheka, lakini wengine hawakuwa wakiangalia kompyuta tena. Walikuwa wakiangalia mizani. Kama mizani hii inapoteza kilo mbili na nusu kati ya asubuhi na saa sita, Cucu Kajuju aliuliza, kahawa yangu imepoteza ngapi miaka hii yote? Mmoja akateremsha gunia lake. Mwingine akaanza kurudisha lake nyumbani. Wakamzunguka Hezekiah. Hata mtu aliyesimamia ubatizo wa watoto wake alimwita mwizi.

Hezekiah aliigeukia mizani yake. Alikuwa akigonga ule uso wa mizani kwa kidole, tena na tena, ajue ni nini kimemharibikia. Mzee Theuri akamwomba ufunguo mpaka mkutano wa Jumamosi. Akautoa.

Nami nilikuwa pale, koti limening'inia upande mmoja kwa uzito wa jiwe. Ningesema neno moja tu. Nilisema ati mvua inakuja.

Ijumaa, 8 Novemba

Kuna watu wanamchukia adui yao vizuri, bila shida. Mimi hata hilo nimeshindwa.

Jioni hii Hezekiah alibisha hodi kwangu. Kwangu! Hajawahi kuingia nyumba hii. Alikuwa amevaa suti ya Jumapili. Alisema hakulala, mke wake haendi sokoni kwa aibu, na mwana wao wa kidato cha nne ameulizwa njiani kama karo yake ni ya kahawa ya watu. Akasema yeye ni mtu wa kusoma namba, maneno hana, na hapa kijijini mwenye maneno ni mimi. Ningemwandikia barua kwa kamati? Hata kwa ile kompyuta yangu, waone ni kitu rasmi.

Watiri alimletea uji. Panga la nyumba lilikuwa butu tangu jana na leo nilikuwa nimerudisha jiwe la kunolea mahali pake, kwa hivyo alikuwa amekaa hapo mlangoni ananoa. Akamuuliza Hezekiah, kwa upole, mizani ilipoteza kilo ngapi hasa. Akasema mbili na nusu. Watiri akaacha kunoa. Akaliinua jiwe. Lilikuwa bado na nyuzi za buluu za ile fulana yangu. Akalirudisha chini pole pole. Hakuniangalia. Afadhali angeniangalia.

Nikawasha Nyembamba ili nipate pa kuweka uso. Mawingu yakaja. Tukangoja, sisi watatu, tukitazama mawingu. Nikaanza kuandika kwamba Bwana Hezekiah Kingori ni mtu mwaminifu ambaye hajawahi kudanganya. Mistari mitatu hivi. Windows ikauliza kitu nisichokielewa, nikabonyeza ndiyo, mshale ukaganda, na kabla sijafanya lolote betri ikaisha. Giza. Hezekiah akauliza kama uaminifu wake umepotelea humo ndani. Sidhani alikuwa akitania.

Nikaandika kwa kalamu. Ni barua nzuri. Kila neno la kumsifu nililitafuta, na kila moja lilikuwa la kweli. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema alinidhania vibaya.

Alipoondoka Watiri alisema, Baba Mbeti, kesho utasema wewe au nitasema mimi. Kisha akaenda kulala upande wa watoto.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimesema.

Sikutaka kusema vibaya. Nilikuwa nimeandaa maneno: jaribio, utafiti, makosa ya kiufundi. Barua ya Hezekiah ikasomwa, watu wakaguna, mmoja akasema mwizi huandikiwa na mwizi. Nikabaki nimekaa. Watiri akakohoa mara moja huko nyuma, kwenye safu ya akina mama. Nikaona anashika kitenge ili asimame. Nikasimama mimi.

Nilikuwa bado kwenye neno utafiti Mzee Theuri aliponikatiza. Aliuliza kama nilitia jiwe au sikutia. Nikasema nilitia. Akauliza kama mizani iko sawa. Nikasema iko sawa, imekuwa sawa siku zote.

Nilidhani watanipiga. Ingekuwa rahisi. Cucu Kajuju alilia tu, kwa sababu ndiye aliyeanza lile neno la wizi. Akaenda kwa Hezekiah akamshika mguu, naye akamwinua. Hezekiah akanigeukia. Alikuwa na swali moja. Je, yale niliyoandika ndani ya barua, niliyaandika kwa kuwa niliyaamini, au kwa kuwa nilijua habari ya jiwe? Nikasema yote mawili. Akaikunja barua akaitia mfukoni. Hakuniambia amenisamehe.

Ufunguo amerudishiwa, watu wakimpigia makofi. Nene imechaguliwa, kwa mikono yote, na itakaa ofisini kwake. Nyembamba nitairudisha kwa Ketan kesho kutwa, mimi mwenyewe, begani.

Wengine walitaka nifukuzwe. Mzee Theuri akasema chama hakitupi mtoto, kinamtoza. Faini yangu ni ya kale: mbuzi. Ataliwa na wote waliosimama kwenye laini ile Alhamisi. Asipungue kilo thelathini, na atapimwa Jumatatu asubuhi kwenye mizani ileile, na Hezekiah. Akipungua naondoka ofisini.

Jumapili, 10 Novemba

Kanisani mhubiri alichagua mafundisho ya mizani. Hakunitaja jina. Hakukuwa na haja, vichwa vyote vilinigeukia, hata vya kwaya. Nilitazama viatu vyangu mpaka sala ya mwisho. Watiri alikuwa kando yangu, na wakati wa kusimama alinishika kiwiko. Nilitaka kulia. Niliapa pale pale, moyoni, nikitaja jina langu lote: Gichovi hatadanganya mizani tena, ya mtu wala ya Mungu.

Mchana shemeji yangu wa Naro Moru alileta mbuzi. Ni mzuri, mweupe, ana ndevu za mwenyekiti. Nilimbeba mikononi. Nimebeba magunia ya kutosha maishani, najua. Hazidi ishirini na saba.

Watiri amelifungia jiwe la kunolea kabatini na ufunguo ameutia kwenye sidiria. Sawa. Simlaumu. Na kumtia mbuzi jiwe ni dhambi, nimeapa.

Lakini mbuzi si kompyuta. Mbuzi ana tumbo lake mwenyewe, na akinywa maji ni kwa hiari yake, hakuna anayemdanganya mtu. Nimemlambisha chumvi kiasi cha konzi mbili na anaonekana kuifurahia. Karai la maji liko tayari nyuma ya zizi. Nitampa alfajiri, kabla tu hatujaondoka, na njiani nitamwomba Mungu asikojoe.