Thelathini kwa Kila Tairi

Jumatatu, 8 Juni 2026

Geji ya kupimia upepo imekufa. Niliyeiua ni mimi, ila hilo linabaki humu daftarini.

Nilikuwa naizungusha kwenye kidole kama polisi na filimbi yake, Zena wa maandazi akitazama. Ikachomoka. Ikatua ndani ya beseni la kutafutia pancha. Nilipoitoa, mshale ulikuwa umegota kwenye thelathini. Nikaigonga gotini. Thelathini. Nikaipuliza. Thelathini. Nikaitia mfukoni, nikaichungulia. Suruali yangu ina upepo thelathini!

Na leo ndiyo siku aliyoichagua Mama Clara kuanza kunijaribu. Kompresa ni yake, kibanda hiki cha Bonga, hapa Babati, kando ya barabara ya Dodoma ni chake, mimi kibarua tu. Amesema wiki hii ikiisha bila mteja kulalamika, Jumamosi ananikabidhi ufunguo, niwe fundi kamili. Akilalamika hata mmoja, anamleta mpwa wake kutoka Mutuka, mimi nirudi Singe kwa baba nikavune mahindi.

Nimwambie geji imekufa? Thubutu.

Ng'ambo ya barabara yuko Venance. Ana cheti cha ufundi, amekitundika ukutani kama picha ya harusi. Tena ana geji mpya. Mimi shule niliiacha kidato cha pili, lakini akili haikuniacha.

Uamuzi: kuanzia leo, Babati nzima ni thelathini.

Jumanne, 9 Juni

Nimegundua mbinu. Mguu! Napiga tairi teke, nasikiliza. Likiitika "du", bado. Likiitika "ti", limeshiba. Halafu namwonyesha mteja geji. Thelathini, bosi. Anafurahi, anaondoka.

Nimehudumia bajaji, mkokoteni, na gari la mwalimu mmoja wa sekondari. Wote thelathini. Mwalimu aliuliza mbona mshale ulikuwa thelathini hata kabla sijachomeka. Nikamwambia hizi geji za siku hizi zina kumbukumbu. Alinitazama muda mrefu, akawasha gari.

Nimewaza mchana kutwa: kutazamwa ni malalamiko?

Jioni mtu wa bajaji akarudi. Eti inaruka kama mbuzi aliyekata kamba. Nilimvuta pembeni kabla Mama Clara hajageuka, nikamweleza kwamba inayoruka ni barabara. Hakuelewa. Nikampunguzia upepo, nikamsafishia kioo bure. Akanyamaza. Jasho lilikuwa limenilowanisha hadi soksi.

Jumatano, 10 Juni

Siku ya balaa.

Amekuja Mzee Herieli na gari lake, Noah. Ni mzee wa kanisa, na binti yake Brightness anaolewa Jumamosi. Kesho asubuhi anapanda Mbulu kumchukua bibi wa bi harusi. Kasema bibi asipomwekea mjukuu mkono kichwani, hata keki haikatwi. Atashuka Ijumaa na bibi pamoja na ndugu sita. Shikamoo, marahaba, kisha akaniuliza gari hili linataka upepo kiasi gani.

Nikafungua mlango wa dereva kwa madaha, nikainama kusoma ile stika. Kijapani mwanzo hadi mwisho! Humo ndani nilichokitambua ni namba moja: 240. Kompresa yetu yenyewe inaishia mia na hamsini. Mzee akauliza imeandikwa nini. Nikamwambia imeandikwa hongera kwa kununua gari hili, usizidishe. Akatikisa kichwa. Kasema hakujua kama vijana wa Singe tunajua Kijapani.

Nikavuka kwa Venance, kijanja. Nikamwambia nina rafiki yangu mmoja, mjinga mjinga hivi, kaona 240 kwenye gari, afanyeje? Venance alicheka hadi akashika ukuta. Akasema hicho ni kipimo cha Wajapani, kwa geji zetu ni kama thelathini na tano. Tena nimwambie huyo rafiki yangu apime tairi likiwa baridi. Hapo kwenye "rafiki yako" alikaza sauti.

Sasa mimi si mtoto. Mshindani akikupa namba bure, jiulize anataka nini. Na hata kama ni kweli, geji yangu hiyo namba haiijui.

Ndipo nikamkumbuka mama. Mama hachemshi mayai kwa saa. Anasali Baba Yetu tatu, yai limeiva. Kama sala inapima yai, tairi ni nini? Nikatoa upepo wote, nikaanza upya: Baba Yetu mbili kwa kila tairi.

La kwanza na la pili nilisali taratibu, kwa unyenyekevu. La tatu nilikuwa nimefika "utupe leo mkate wetu" ndipo Zena akatokea na maandazi. Nikala moja. Niliporudi sikukumbuka nilikuwa Baba Yetu ya kwanza au ya pili. La nne, Mama Clara aliniita kwa ukali, nikasali mbio mbio kama ninayefukuzwa na nyuki.

Nikampimia mzee mbele ya macho yake. Thelathini, thelathini, thelathini, thelathini. Akasema Mungu anibariki.



Alhamisi, 11 Juni

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Noah imepita. Imeegemea upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu. Mzee amenipungia mkono!

Saa moja na nusu. Nauwaza mlima wa Dareda, njia ya kwenda Mbulu. Kona zile. Bonde lile.

Saa mbili kasoro. Nimempigia mzee mara sita. Hapatikani.

Saa mbili. Nimevuka tena kwa Venance, nikaomba nijaribu kitu kwenye tairi lake kuukuu, kwa geji yake. Baba Yetu mbili za taratibu: hamsini na mbili. Tukatoa upepo, nikasali zile za mbio: kumi na tisa. Nikamweleza kwamba yule rafiki yangu amempakia Mzee Herieli upepo wa namna hii.

Venance hakucheka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

"Chukua helmeti, dogo," akasema.

Tumekwenda kwa pikipiki yake, mimi nyuma nimekumbatia pampu ya mguu. Njia nzima naangalia mitaroni. Kila kitu cheupe nilikiona Noah. Kimoja kilikuwa ng'ombe.

Kumbe alikawia mjini akinunua zawadi za bibi. Tulimkuta Dareda, chini ya mlima, hajaanza kupanda. Usukani ulikuwa unamvuta mkono, akaona asimame anywe chai kwanza. Nani alivumbua chai? Apewe nishani.

Venance aligusa matairi, akasema tungoje yapoe. Tukangoja. Kisha akapima. Hamsini na mbili. Hamsini na moja. Thelathini na tatu. Kumi na tisa. Kila namba alikuwa anaitaja kwa sauti, kama mwalimu anayesoma matokeo.

Mzee aliweka kikombe chini.

"Nilikuuliza kiasi gani, Ombeni," akasema. "Ungeniambia hujui, mwanangu, ningekusubiri."

Niliangalia viatu vyangu hadi nikavijua. Venance akapunguza, mimi nikakanyaga pampu, yote yakawa thelathini na tano. Mzee akapanda mlima. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa, 12 Juni

Mzee amepiga simu asubuhi. Alifika salama, bibi ni mzima, wanashuka mchana. Yeye hajamwambia Mama Clara kitu. Kasema nimwambie mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Venance naye ameniazima geji yake ya zamani mpaka nipate yangu. Namchunguza; bado sijajua anataka nini.

Nikajipanga kukiri. Nikafanya mazoezi mbele ya kompresa. Nikamwendea Mama Clara, nikaanza: mama, ile Noah ya juzi. Akanikatisha. Kashasikia sokoni kwamba nimemfuata mteja hadi Dareda kukagua matairi yake. Kasema tangu afungue kibanda hiki hajaona kijana anayejali watu namna hiyo.

Malezi yangu hayaniruhusu kumkatisha mtu mzima akiwa anasifia.

Jumamosi, 13 Juni

Ufunguo! Nimeuvaa shingoni. Fundi kamili.

Mzee Herieli alisimama hapa asubuhi, bibi akiwa kiti cha mbele na kitenge kipya. Aliniuliza kama nimeshasema na Mama Clara. Nikajibu tumeshasema. Si tulisema?

Saa saba na nusu limekuja gari la maharusi kuongezwa upepo, limepambwa riboni na maputo manne. Dereva mwenyewe akataja: thelathini na mbili. Nikachomeka geji ya Venance, nzima kabisa. Nikajaza. Ikasoma thelathini na mbili.

Lakini nilikuwa ndiyo kwanza nimefika "utupe leo mkate wetu".

Gari la harusi liondoke na sala nusu? Ya Brightness, aliyewekewa mkono na bibi? Venance na cheti chake wangeweza. Mimi hapana. Nikaongeza hadi amina, matairi yote manne. Taratibu, kwa unyenyekevu. Kisha nikayapiga teke. "Ti."

Saa nane. Limepita kwenda kanisani, vigelegele kama vyote.

Saa nane na dakika kumi. Mlio, upande wa kanisani. Puto.

Saa nane na robo. Milio mitatu kwa mpigo. Watoto wanachezea maputo. Jumla minne. Maputo yalikuwa manne, niliyahesabu mwenyewe. Moyo umetulia.

Saa nane na dakika ishirini. Mlio wa tano.