Ukitaka Kushoto, Sukuma Kulia

Jumatatu, 4 Agosti

Mimi Lazarus Oduor, karani huko Upper Hill kwa sababu ya mkate na mvumbuzi kwa kipaji, leo nimeanza kazi ya maisha yangu. Mashine ya michezo ya video. Kasha la mbao la kimo changu, kompyuta kuukuu tumboni, skrini usoni. Imebaki paneli ya kuchezea tu: joistiki moja, yaani kijiti cha kuongozea, batani sita, na waya.

Mke wangu Philister hajafurahi. Kasha limesimama sebuleni pale pale ambapo dada yake Joyline atatandika godoro akifika Jumapili kutoka Vihiga. Ameniambia, Baba Everlyn, Jumapili kitu hicho kiwe kimetoka, la sivyo kina mama wa kanisa watakichukua kiwe kabati la vikombe. Kabati la vikombe!

Dawa ninayo. Chini ya ngazi kuna nafasi. Shida ni Kiarie, jirani wa mlango unaotazamana na wetu, anayeitaka aweke tairi zake za zamani. Ni dereva wa teksi za kuitwa kwa simu hapa Kilimani, na hakuachi upite bila kukukumbusha kwamba hajawahi kukwaruza gari. Mama Nyakio, mwenye nyumba, ataamua Jumamosi kwenye mkutano wa wapangaji.

Jumanne, 5 Agosti

Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme, saa ya lanchi. Jackton, muuza vifaa, amenitolea joistiki safi. Akaigeuza, akanionyesha vijiswichi vinne chini yake. Eti ukisukuma kijiti kushoto, mkia wake huku chini huenda kulia, kwa hivyo swichi ya kulia ndiyo ya kushoto, na ya nyuma ndiyo ya mbele. Nimecheka. Watu wa Luthuli wakikuona na tai wanadhani hujui hata mkono wa kulia wako wapi. Nilimwambia mimi nimesoma.

Waya nimechukua nyeusi tupu. Rangi ni za watu wasio na kumbukumbu.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefunga waya. Kila swichi na waya wake, mpaka kwenye kadi ndogo inayoongea na kompyuta. Nikabonyeza. Kimya. Philister akipita na sufuria akauliza kama umeme hauhitaji njia ya kurudi. Nikamwambia haya mambo ni mazito. Alipoingia jikoni nikaongeza waya wa kurudi, ukipita kutoka swichi hadi swichi, na zote zikaamka. Wakati mwingine akili yangu hunitisha.

Batani zote sita zikaitika. Nikapaka kifuniko cha paneli gundi ya maseremala, ile isiyobanduka, ili Kiarie asije akachungulia na kuniibia ufundi. Ndipo nikawasha mchezo: gari dogo, barabara ya milimani, malori. Nikasukuma kushoto. Gari likaenda kulia, likaingia bondeni. Nikasukuma mbele, likarudi nyuma.

Nina hakika Jackton alinitia mkosi kwa ule mdomo wake. Nimejaribu kifuniko kwa bisibisi, kisha kwa kisu cha mboga. Gundi ni nzuri sana.

Ijumaa, 8 Agosti

Kazini nimesema tumbo. Nimecheza kutoka asubuhi. Kulia ni kushoto, nyuma ni mbele. Kufikia jioni mikono imekubali. Mezani nilitaka chumvi ya upande huu, nikapiga bakuli la mchuzi la upande ule. Philister ameleta kitambaa, akasogeza mchuzi mbali nami.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi!

Mkutano ulifanyika sebuleni kwetu, mchezo ukiwaka kwenye skrini, ukafunguliwa kwa maombi. Mama Nyakio aliombea mpaka mabomba ya maji. Kisha Kiarie, bila kuulizwa, akasimama akasema tusipoteze muda: tushindane kwa hiyo hiyo mashine ya Oduor, atakayefika kileleni achukue nafasi. Yeye barabara anazijua hata usingizini. Watu wakampigia makofi. Mimi nikatazama chini kwa unyenyekevu.

Kiarie akashika joistiki kwa vidole viwili, kama bwana. Akasukuma mbele. Gari likarudi kinyumenyume hadi mtoni. Akajaribu tena, akakwepa lori kwa kuligonga. Mara ya tatu aliingia bondeni hata kabla lori halijatokea. Akasema mashine ni mbovu. Mama Nyakio akaniambia nijaribu mimi, nisiyekuwa na leseni hata ya baiskeli. Nikapanda mlima wote, nikapita kila lori, nikaegesha kileleni. Philister alipiga kigelegele, na nilisikia ni cha kweli. Mama Nyakio akasema mcheza kwao hutuzwa, nafasi ni ya Oduor.

Kiarie mwenyewe alinisaidia kubeba kasha. Sijawahi kumpenda hivyo.

Jumanne, 12 Agosti

Joyline amelala vizuri kwenye nafasi yake. Chini ya ngazi kuna foleni kila jioni, na wote wanaingia bondeni. Nimebandika karatasi: Mashine haina kosa.

Mama Nyakio ameona kipaji. Amenipa kazi ya kuweka kengele za milango kwenye ghorofa yetu. Nimerudi kwa Jackton. Akanishauri nitie alama kila waya kabla ya kuupitisha ukutani, maana ukishapita huwezi kujua upi ni wa nani. Nimecheka. Jamaa hajui anaongea na bingwa. Nimechukua nyeupe tupu.

Nimezifunga, vifuniko kwa gundi ile ile. Zote zinalia, na kwa nguvu. Joyline alitoka dukani akabonyeza yetu. Kiarie akafungua yake. Akabonyeza tena, Kiarie akafungua tena, sasa na taulo. Mara ya tatu Kiarie akamkaribisha chai, na Joyline bado yuko huko. Philister amekuja kuniuliza tutafanyaje. Nimemwambia kwa upole, jinsi mshindi anavyopaswa kusema, kwamba watazoea. Tena gundi imeshakauka.